Shangazi, mfumo umenigeuza karani, na kamera inaninyima usingizi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni daktari, nina miaka 51, niko hospitali ya wilaya. Tangu waondoe mafaili na kutuletea mfumo wa kompyuta, kazi imekuwa mateso. Nachapa kwa vidole viwili, foleni haiishi, na mgonjwa anaongea na ubavu wangu. Nimempa intani wangu, daktari kijana aliye mafunzoni, neno la siri awe ananiandikia. Usiku natuliza moyo kwa kuangalia kamera za Leica kwenye simu. Nimeipenda M11 mpaka nataka kuchukua mkopo wa SACCOS niinunue. Mke wangu sijamwambia. Je, nimeingiwa na wazimu? — Daktari, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Wazimu huna. Umechoka, na umeumia kuona kazi unayoijua imekufanya mwanafunzi tena mbele ya vijana. Kamera tutaifikia. Kwanza hilo neno la siri, maana hapo ndipo moyo wangu ulipopiga kwa nguvu.

Libadilishe leo. Dawa yoyote inayoandikwa kwa akaunti yako, umeiandika wewe. Wilaya nzima wako akina Juma Hamisi wangapi? Kijana akibofya Juma asiye yeye, dirisha la dawa linaona jina lako, na bima nao wanaona jina lako. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kama intani hana akaunti yake, mwombe mganga mfawidhi afungue njia, kila mtu aingie kwa jina lake.

Huyo kijana bado unamhitaji, ila kwa namna nyingine. Baada ya kliniki mkae nusu saa, akufundishe kuruka kutoka kisanduku hadi kisanduku bila kushika mausi, na mahali pa kutafuta magonjwa unayokutana nayo kila siku: malaria, shinikizo la damu, kisukari, UTI. Wewe mfundishe kusikiliza moyo, atofautishe sauti ya kawaida na ile ya vali inayovuja. Hapo hakuna anayemdharau mwenzake. Halafu waulize watu wa TEHAMA kama dawa unazoandika mara nyingi zinaweza kuwekwa karibu.

Na meza uigeuze. Skrini ikae pembeni, mgonjwa akae kwenye kona ya meza, si nyuma ya kompyuta. Dakika ya kwanza usiguse kibodi kabisa. Mtazame, mwache aseme, ndipo uandike huku ukimwambia: "Naandika kwamba kikohozi kina wiki tatu, ni sawa?" Mgonjwa anayeambiwa kinachoandikwa haoni kama ametupwa. Mara nyingine atakurekebisha palepale, na hiyo ni faida ambayo faili la karatasi halikukupa. Mafaili nayo tusiyasifu mno. Tumewaona akina mama wakianzishiwa kadi upya kwa sababu ya zamani haionekani, na historia yote ya ujauzito imepotea nayo.

Haya, kamera. Mapenzi yako nayaelewa. Kwenye Leica nyingi za M, tangu M3 ya mwaka 1954, unachungulia kidirisha, unaona sura moja imekuwa mbili, unazungusha ringi ya lenzi kwa kidole mpaka zinakutana, ndipo unabonyeza. M11 iliyotoka 2022 bado inafanya hivyohivyo. Haikutafutii fokasi yenyewe. Mtu aliyezoea kutafuta bandama kwa ncha za vidole, halafu siku nzima akawa anabofya visanduku, lazima atamani kifaa kinachongoja mkono wake. Hilo si la kuonea aibu.

Lakini ilipotoka iliuzwa karibu dola 9,000 kule Marekani, bodi tupu bila lenzi. Ni zaidi ya shilingi milioni 20, na lenzi zake nazo ni za maelfu ya dola. Mkopo huo utakatwa kwenye mshahara muda mrefu, na kompyuta ya chumba chako itabaki palepale. Mimi nasema hapana. Tafuta Nikon au Canon iliyotumika, pamoja na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani tundu pana la kuingiza mwanga, ambayo ni ya bei nafuu katika familia zote mbili. Zima fokasi ya kujiendesha, uzungushe ringi mwenyewe. Asubuhi ya mapumziko nenda ukapige picha milima ya Uluguru ukungu ukipanda. Wagonjwa usiwapige picha kwa kamera yako binafsi, hata kidonda kikiwa cha ajabu namna gani.

Mkeo mwambie wiki hii, kabla ya kuijaza fomu ya SACCOS. Usianze na bei. Mwambie kwanza kinachokupata kazini, kwa sababu nahisi hata hilo hajalisikia, kisha mwonyeshe hizo picha unazoziangalia usiku. Huenda akakubali ya mtumba mwezi huu, au akasema msubiri ada zilipwe. Akisema msubiri, msubiri.