Chuo Kikuu Kikitaka Kukua Mombasa, Kianzie Karakanani

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuunganisha chuo na waajiri wa hapa Mombasa: bandari, mahoteli, viwanda vya Changamwe na Jomvu, ofisi za kaunti. Nimekaa kwenye kamati nyingi za upanuzi, na karibu zote huanza na swali moja: tujenge wapi? Ramani hutandazwa mezani, na kikao kizima huishia kwenye ukubwa wa kumbi za mihadhara.

Ukiwa na kiti kwenye kamati ya namna hiyo, nakuomba uliweke kando swali la jengo. Tanguliza hili: ni kazi gani hapa mjini inafanywa nusunusu kwa kukosa watu wenye ujuzi, na ni nani hasa, kwa jina na nambari ya simu, anayeijua kazi hiyo? Kisha nendeni mkamwone huyo mtu pale pale anapofanyia kazi.

Tuliona kilichotokea jengo lilipotangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vyuo vikuu vya bara vilikodi orofa nzima nzima katikati ya mji ili kuwapata wanafunzi wa kujilipia karo. Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwaka 2015, watahiniwa zaidi ya 160,000 walipata C+, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, kwenda juu. Mwaka uliofuata udhibiti wa mtihani ulikazwa, wakawa 88,929. Nafasi za kulipiwa na serikali zikawatosha wote, na wa kujilipia wakapukutika. Orofa zikarudi kwa wenyewe. Wahadhiri wa muda walibaki kufuatilia malipo yao, na akina mama waliokuwa wakiuza viazi karai na maharagwe mlangoni wakatafuta pengine pa kwenda. Jambo hili bado linaniuma, maana familia nyingi zilikuwa zimeanza kutegemea kipato kile. Kampasi zile hazikufungamana na kazi yoyote ya Mombasa, na zilipoyumba sikumsikia mwajiri hata mmoja akisimama kuzitetea.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kina asili tofauti. Kiliasisiwa miaka ya 1940 kwa jina la MIOME, taasisi ya kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Kikawa taasisi ya kiufundi mwaka 1966, politekniki mwaka 1972, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta mwaka 2007, na kikapata hati yake ya chuo kikuu mwaka 2013. Majina yamebadilika lakini mzizi ni ule ule wa karakana. Chuo chochote cha ufundi kinapopandishwa hadhi hujaribiwa na jambo moja: kozi ya biashara inahitaji viti, projekta na mhadhiri, wakati kozi ya ufundi inahitaji mashine, umeme mwingi na fundi wa kuitunza mashine hiyo. Mhasibu akiachiwa mpango peke yake, atachagua viti. Kwa hiyo kamati iwe na mtu wa karakana mwenye sauti sawa na mhasibu.

Nieleze kwa mfano ninavyomaanisha kuanzia kwenye kazi. Maparachichi ya Kenya yanayokwenda Ulaya kwa meli hupita bandari yetu ya Kilindini ndani ya makontena ya friji. Tunda likishachumwa bado linapumua: linatoa joto, kabonidayoksaidi na gesi ya ethilini inayoliivisha. Kontena lazima lishike nyuzi zake, kwenye selsiasi tano hivi, tangu lipakiwe hadi lishuke. Meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikawa ndefu zaidi, na kosa dogo lililofanyika huku likawa hasara kubwa kule.

Fundi mmoja wa makontena hayo alinipeleka kwenye safu yake siku moja alasiri. Upande wa mashine kuna kioo kidogo kinachoonyesha joto la hewa inayoingia kwenye mzigo na joto la hewa inayorudi. Akaniwekea kidole hapo. "Mwalimu," akasema, "nikiona hizi mbili zimeachana hivi, najua kuna shida kabla alamu haijalia. Vijana wako wanaijua nadharia ya friji vizuri kabisa. Lakini hawajawahi kuiona hii." Nilimuuliza ingechukua muda gani kuwafundisha. Akasema wiki tatu, mradi wapate mashine ya kuifungua na kuifunga wenyewe, kwa sababu mashine ya mteja haiguswi na mwanafunzi.

Mazungumzo yale yalizaa matunda kuliko mikutano yote ya mwaka ule. Kampuni moja ilitupa mashine ya friji iliyostaafishwa, tukaiweka nyuma ya karakana chini ya bati, na yule fundi akaja jioni kufundisha kwa malipo ya saa. Gharama ilikuwa usafiri wa lori, waya mzito wa umeme na posho. Wanafunzi waliopita hapo walipokwenda kwa waajiri, walikuwa tayari wanajua wasimame wapi na waangalie nini. Hapo ndipo nilipoamini kwamba upanuzi unaweza kutangulia jengo.

Kazi za namna hiyo ziko nyingi mjini humu. Ziko karakana za kutengeneza meli Mbaraki. Yako majokofu na mitambo ya maji ya mahoteli kuanzia Nyali hadi Bamburi, na ziko cherehani za viwanda vya nguo vya kuuza nje, ambazo zikiharibika mstari mzima husimama. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, na baadhi ya waliokijua ndani nje wamebaki mitaani na ujuzi ambao chuo kingeweza kuukodi. Watafuteni watu hao wangali na nguvu.

Sasa kuhusu mikataba ya ushirikiano. Utiaji saini huwa na mabango, vyombo vya habari na picha ya pamoja, na mimi mwenyewe nimeandaa hafla kadhaa. Sipingi hafla. Ninachosisitiza ni ukurasa mmoja wa ziada nyuma ya mkataba, ambao kwa uzoefu wangu ndio unaoamua kama mkataba utaishi. Uandikwe nani upande wa kampuni atampokea mwanafunzi asubuhi ya kwanza, na akihamishwa nani atachukua nafasi yake. Uandikwe nani anasaini daftari la atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kila wiki. Bima ya ajali nani analipa? Buti zenye chuma mbele, kofia ngumu na fulana ya kung'aa zinatoka wapi? Nimeona vijana wakirudishwa getini kwa sababu ya viatu, mkataba ukiwa umetundikwa kwenye fremu ofisini. Mzazi wa Kisauni au Likoni aliyekwisha lipa karo hana tena elfu kadhaa za buti. Chuo kinunue jozi za saizi mbalimbali na kuziazimisha. Ni gharama ndogo sana ukiilinganisha na jiwe la msingi.

Muda nao ni muhimu. Kusini mwa Mombasa, pale Gazi kaunti ya Kwale, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yenye makao yake Mkomani, imekuwa ikishughulika na mikoko tangu miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Uskoti kikaungana nayo. Matokeo yake ni Mikoko Pamoja, mradi ambao wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni inayohifadhiwa humo kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao wa hewa. Fedha zimekwenda kwenye maji na shule, na mwaka 2017 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watafiti walikuwa wakirudi pale pale mwaka baada ya mwaka, wakapima, wakapanda, wakazungumza na wazee, ndipo biashara ya kaboni ikaja. Mkataba wa miaka miwili usingeyafikisha hayo. Kama mshirika wa ng'ambo anakuja na mradi wa miezi 18, mwambieni mapema mnataka mrithi wa kazi hiyo awe mhadhiri wa hapa, aliyesomeshwa ndani ya mradi wenyewe.

Lipo jambo lingine linalonigusa. Mwaka 2019, serikali ilipoagiza mizigo ipelekwe Nairobi kwa reli ya SGR, watu wa Mombasa waliandamana kila wiki kwa ajili ya kazi za malori, mabohari ya makontena na vibanda vya barabarani. Utafiti uliotajwa sana katika mjadala ule kuhusu hasara ya mji wetu ulifanywa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Nawaheshimu walioufanya. Lakini mji wa watu 1,208,333 kwa sensa ya mwaka ule ule, wenye bandari inayoihudumia Uganda na Rwanda, unastahili kuwa na kitengo chake cha takwimu za uchumi, kinachokusanya bei za usafirishaji, nafasi za kazi na mzigo uliopita, mwezi hadi mwezi. Wanafunzi wa takwimu na biashara wapo. Hilo halihitaji jengo. Linahitaji mhadhiri mmoja aliyepunguziwa vipindi, na waajiri walioahidiwa kwamba siri zao hazitatoka. Sera ikibadilika tena, kama ilivyobadilika Septemba 2022 kazi ya kukagua na kuruhusu mizigo kutoka bandarini iliporudishwa Mombasa, mji uwe na tarakimu zake mkononi.

Makazi ya wanafunzi nitayagusia tu. Ukiongeza wanafunzi kisiwani bila mabweni, kodi za Tudor na Mishomoroni hupanda kwa kila mtu. Zungumzeni na wenye nyumba kabla ya kutangaza nafasi. Na tafadhali msiweke mtihani saa moja asubuhi wakati nusu ya darasa inavuka feri ya Likoni.

Linalobaki ni kaunti, na hapa wengi hukwama kwa kutojua utaratibu. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, vyuo vikuu ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kaunti inashika elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, pamoja na mipango ya ardhi, masoko, barabara zake na utalii wa ndani ya kaunti. Mkienda kuomba fedha za chuo kikuu, afisa hana fungu la kuwapa hata akiwapenda. Mkienda na pendekezo la kuwanoa walimu wa vyuo vya ufundi vya kaunti kwenye karakana yenu, au la wanafunzi wenu kuupima mfereji wa soko linalofurika, mmeingia kwenye fungu lake.

Na mwende kwa wakati. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka lazima ufike bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Jambo lisilokuwa kwenye mpango wa Septemba ni vigumu sana kulichomeka baadaye. Barua yenu ikifika ofisi ya mipango mwezi wa sita au wa saba, ikitaja karakana, idadi ya wanafunzi, gharama na jina la msimamizi, afisa ana kitu cha kuandika kwenye rasimu. Ikifika Novemba, itangoja mwaka ujao.