Ukienda kuchagua mfumo wa kuazimishia vitabu, nenda na kikapu

Kila baada ya muda napigiwa simu na mkutubi wa mahali fulani. Mfadhili amepatikana, au mkurugenzi karudi safari na wazo, na sasa maktaba inatakiwa iwe ya kompyuta. "Dada, tununue mfumo gani?" Nami humrudishia swali: kwa siku mnaazimisha vitabu vingapi? Akinijibu kumi na tano, ishirini, namshauri abaki na kadi zake, hizo fedha zikanunue vitabu na rafu. Simtanii. Utaratibu tuliorithi kwa Waingereza, kadi ya kitabu inachomekwa kwenye tiketi ya msomaji na kupangwa kwenye treya kwa tarehe ya kurudisha, haujui kukatika kwa umeme. Kadi zinaelemewa foleni inapofika mlangoni, au mtu anapouliza kitabu fulani kiko kwa nani, nawe ukalazimika kupekua treya nzima kwa sababu kadi zimekaa kwa tarehe na si kwa majina ya vitabu.

Sisi tulishafika huko. Jumamosi wanafunzi wa sekondari tatu walikuwa wanamiminika pamoja, na wasaidizi wawili kaunta hawatoshi. Basi tukanunua mfumo, na tukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Lawama si za muuzaji peke yake. Alikuja na laptopu yake na vitabu vyake kumi, vipya, vinanukia wino, kila kimoja na bakodi safi nyuma ya jalada. Akapitisha skana: tii, tii, tii. Skrini ikajaa rangi. Kamati nzima ikapiga makofi, na mimi nikiwamo. Hakuna aliyenyanyuka kwenda rafuni kuleta kitabu chetu hata kimoja.

Mwezi wa kwanza haujaisha, msaidizi wangu akaniita kaunta. "Dada, njoo uone. Mashine inasema kitabu hiki kimerudi juzi." Mbele yake alisimama mwanafunzi wa kidato cha nne na kitabu mkononi, amekuja kukirudisha. Mashine haikukosea kwa namna ilivyoelekezwa. Bakodi ile iliyochapwa nyuma ya jalada ni ISBN, na ISBN ni namba ya toleo. Kitabu kile cha fasihi tulikuwa na nakala 12, na zote 12 zina namba ileile. Mfumo wetu mpya uliichukua ISBN kuwa ndiyo namba ya kitabu. Kwa hiyo aliyerudisha wa kwanza alimfutia deni mwenzake, na deni lake mwenyewe likabaki linamea faini. Tukaishia kuandika A, B, C kwa kalamu ya wino kwenye ukurasa wa kwanza wa kila nakala na kufungua daftari pembeni. Tumelipia kompyuta, tumerudi kwenye daftari.

Na vile vitabu vya zamani vya Kiswahili, vilivyochapwa ISBN haijaenea, pamoja na vijitabu vya wachapishaji wadogo visivyo na namba yoyote? Mfumo uliving'ang'ania mlangoni, unadai namba. Tukavibunia. Siku moja namba ya kubuni ikagongana na namba halisi, lakini hiyo hadithi niiache.

Ndipo nilipopata kikapu. Ni kikapu cha ukindu cha sokoni, nimekijaza vitabu vyetu vyenye matatizo: nakala mbili za toleo moja, kitabu kisicho na ISBN, kamusi ya juzuu mbili, majarida yaliyojalidiwa pamoja kwa mwaka mzima, tafsiri yenye waandishi watatu na mfasiri, kitabu cha watoto chembamba kisicho na pa kubandika lebo, na kimoja kilichochanika jalada hadi jina linasomeka nusu. Akija mtu wa kuuza mfumo, namkaribisha chai, kisha namsogezea kikapu. Namwambia: ingiza hivi, niazimishie, virudishe, halafu nioneshe nakala ya pili ya hiki iko wapi. Mfumo mzuri una ngazi mbili. Juu kuna rekodi moja ya toleo, yaani mwandishi, jina, mchapishaji na mwaka. Chini yake kila nakala ina namba yake, ambayo unaibandika wewe mwenyewe. Kama hizo ngazi mbili hamna, msiendelee. Malizieni chai, agana naye vizuri.

Kuhusu lebo zenyewe, sikiliza uchungu wetu. Kwanza tulizibandika ndani, kwa kuogopa kuharibu majalada. Ikawa kila kitabu lazima kifunguliwe, na Jumamosi foleni ni ileile ya enzi za kadi. Tukazitoa, tukazihamishia nyuma karibu na ISBN, skana ikawa inadaka namba isiyotakiwa. Sasa ziko mbele, pembe ya juu, na juu yake selotepu pana ya plastiki, maana unyevunyevu wa huku unabandua kila kitu na mende wanapenda gundi kuliko wanavyopenda vitabu. Nunua lebo zilizochapwa tayari kwa namba zinazofuatana. Anayekuambia utachapa mwenyewe kwa printa ya ofisini hajawahi kuona printa ya ofisini.

Halafu andaa kikapu cha pili, cha watu. Mifumo mingi imetungwa na watu wenye jina la ukoo, nayo inalidai jina hilo kwa nguvu. Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu. Siku ya kujiandikisha anataja mawili, siku ya kuazima anataja mengine mawili. Akina Asha Juma peke yao tunao saba. Tulidhani namba ya simu itatuokoa, kumbe mama mmoja ana simu moja na watoto wanne wanachama, na ujumbe wa kukumbusha kurudisha vitabu unamwangukia yeye mara nne usiku mmoja. Alikuja kutuuliza kama tumechanganyikiwa. Kwa hiyo jaribu: sajili watu watatu wenye majina yanayofanana na simu moja, uone kama mfumo unakubali na kama msaidizi wako ataweza kuwatofautisha bila kubahatisha. Kadi ya uanachama yenye bakodi ndiyo dawa, ila watu huisahau nyumbani, na hapo ndipo utafutaji wa majina unapojulikana ubora wake.

Kuna jambo la kalenda ambalo wauzaji wengi hawalifikirii. Kitabu kinatoka leo kwa siku 14, na siku ya 14 inaangukia Idi. Lakini wakati kinatoka hakuna anayejua, kwa sababu mwezi haujaandama. Mfumo wetu wa kwanza haukujua Idi ni nini. Mzee mmoja, msomaji wetu wa miaka, akakuta amepigwa faini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Binti yangu, ulitaka niache swala nije nisimame mlangoni kwako, na mlango wenyewe mmeufunga?" Sikuwa na jibu. Muulize muuzaji: nikitangaziwa sikukuu usiku, naweza kuiweka mwenyewe kuwa siku ya kufungwa, na faini isihesabike siku hiyo? Asikujibu kwa mdomo, afanye mbele yako.

Umeme na mtandao mnavijua, nitasema kidogo. UPS, yaani betri inayoshikilia umeme ukikatika, kwa kompyuta ya kaunta na kwa seva, kompyuta inayotunza taarifa zote, si anasa. Daftari la dharura liwepo, na liwe na safu mbili tu, namba ya mwanachama na namba ya nakala, ili umeme ukirudi kazi ya kuingiza isichukue jioni nzima. Kuhusu seva ikae hapohapo au mbali kwenye mtandao, mimi niko upande wa hapohapo. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikawa ya kusuasua nchini, kaunta yetu iliendelea kazi kama kawaida, kwa kuwa seva iko chumba cha pili na waya unapita ukutani. Seva ya ndani ina masharti yake: nakala rudufu kila usiku, na nakala hiyo isilale jengo moja na seva. Mara moja kwa muhula irudishe kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka. Tuliwahi kutunza kwa uaminifu mafaili ya miezi mitatu ambayo yote yalikuwa matupu.

Sasa niseme lililotuumiza kuliko yote, siku ya kuachana. Ada ya leseni ilipanda, tukataka kuhama, tukaomba taarifa zetu. Tukaletewa boksi la karatasi, orodha yote ya vitabu imechapwa, imepangwa vizuri, ina jalada. Tuliiingiza upya kwa mkono, na ilituchukua miezi mitano. Tangu hapo, kabla sijauliza bei, naweka flashi mezani na kusema: nitolee rekodi za vitabu kwa muundo wa MARC, wasomaji kwenye jedwali la kawaida, na orodha ya vilivyoko nje leo kwa nani na hadi lini. MARC ndiyo lugha ambayo mifumo ya maktaba inasikilizana. Akisema itabidi awasiliane kwanza na makao makuu, nimeshapata jibu.

Tulihamia mfumo uitwao Koha, na bado tuko nao. Asili yake nimeipenda. Maktaba za Horowhenua huko New Zealand zilikuwa na mfumo wa zamani ambao usingevuka mwaka 2000. Wakaiajiri kampuni ya Katipo iwatengenezee mwingine, wakaanza kuutumia Januari 2000, kisha wakauachia ulimwengu bure. Koha kwa Kimaori ni zawadi. Nakala na toleo inavitofautisha, kalenda inayo, na kaunta inafanya kazi kwa kivinjari cha kawaida, hata kompyuta kuukuu zinamudu. Kilichonifurahisha zaidi ni kuvuta rekodi zilizokwisha kuandaliwa na maktaba kubwa, kwa njia ya mtandao iitwayo Z39.50. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya ukanda wetu, hivyo vitabu vingi vya Kiswahili utakuta vimeshakatalogiwa. Unalinganisha na kitabu mkononi, unarekebisha, unabandika lebo.

Lakini bure hiyo ina mtu nyuma yake. Koha inakaa kwenye Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, na unahitaji fundi anayeifahamu. Sisi tunaye kijana wa mjini, tunamlipa kwa kila safari, na mwaka juzi nusura atutoroke kwa kazi nzuri zaidi. Hofu ile ndiyo iliyotufanya tumkalishe siku mbili aandike kila hatua kwenye kaunta buku: kuwasha, kuzima, kurudisha nakala rudufu, nywila ziko bahasha gani kwenye kabati gani. Matoleo mapya hutoka Mei na Novemba, nasi tunabadili mara moja kwa mwaka, shule zikifunga. Usiwe wa kwanza kukimbilia.

Jingine ambalo sikulifikiria enzi za kadi: treya ilikuwa inasahau. Kitabu kikirudi, tiketi inarudi kwa mwenyewe, na kumbukumbu imekufa. Kompyuta haisahau mpaka uiagize. Alikuja bwana mmoja kutaka kujua mkewe anaazima vitabu gani. Nilimkatalia, akaondoka amenuna. Usiku ule nikaenda kwenye mipangilio ya Koha, nikaweka historia ya uazimaji ifutiwe majina. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, mwonekano wa yule bwana ulinitosha.

Milango inayopiga kelele kitabu kikitoka bila kuazimwa, na vifaa vya kujiazimishia mwenyewe, nimewahi kuoneshwa. Vizuri. Rafu zangu bado zinahitaji mbao.

Kikapu nacho kina lebo sasa. Mwezi uliopita mkutubi wa wilaya jirani alisikia habari zake, akaja kukiazima maana anatembelewa na muuzaji. Tukakipitisha kwenye skana kama kitu kingine chochote, siku 14. Leo ni siku ya 19, na simu yake inaita bila kupokelewa.