Kona ya Gari: Pedi mpya, diski na joto la mteremko

Safari hii maswali yote ni ya breki na yote yametoka Tanga. Tumeyafupisha, na majina ya waulizaji tumeyaacha.

Nina Toyota IST. Dukani nimeonyeshwa pedi za aina tatu, bei zimepishana sana, na zote muuzaji anasema ni orijino. Nitazijuaje? Natembea mjini, na mara moja moja nakwenda Muheza. (Msomaji, Ngamiani)

Neno orijino liweke kando, maana kila boksi limeandikwa hivyo. Toa pedi kwenye boksi uigeuze upande wa bamba la chuma, usome. Mwishoni mwa mstari wa namba kwa kawaida utakuta herufi mbili, mfano EE, FF au GF. Ya kwanza inaeleza pedi inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, na ya pili inavyoshika ikipata moto. E ni kipimo cha msuguano cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa IST tafuta FF. Pedi ya FE inapoteza nguvu inapopata moto, na hapo ndipo unapoihitaji zaidi. Herufi hizi hazisemi pedi itadumu muda gani wala kama italia, kwa hiyo usizipe kazi isiyo yao. Ukiona pia E ndani ya duara ikifuatwa na namba, pamoja na alama ya 90R, hiyo ni pedi iliyopita kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayotaka nguvu yake isipishane na ya pedi ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15.

Kisha tumia macho. Pitisha kidole kwenye ukingo ambapo nyama ya pedi imeshikana na bamba: kusiwe na ufa wala gundi iliyovimba. Bamba liwe limenyooka na limepakwa rangi pande zote. Kwa gari la pwani hili la rangi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu chumvi ya hewani inaanzisha kutu kwenye bamba, kutu inapenya chini ya nyama ya pedi na kuinyanyua mpaka inabanduka. Mwisho, linganisha na pedi ya zamani, masikio (ncha za bamba zinazochomoza) kwa masikio. Nenda nayo dukani, au beba namba ya chasisi. Pedi unazonunua ni za mbele tu, maana IST nyingi nyuma zina dramu.

Kuhusu aina, pedi za oganiki ni kimya na hazili diski, ila zinaisha mapema na hazipendi joto kali. Nusu chuma, ambazo chuma ni kati ya asilimia 30 na 65 ya uzito wake, zinavumilia joto lakini zina kelele, zina vumbi jeusi na zinakula diski. Za seramiki ni kimya, vumbi lake ni kidogo na bei yake ni kubwa. Kwa mizunguko ya mjini na Muheza, oganiki nzuri inakutosha kabisa. Usilipie nusu chuma kwa kuambiwa ni ngumu.

Nimefungiwa pedi mpya, wiki haijaisha zinalia na usukani unatetemeka nikikanyaga breki. Fundi anasema pedi ni feki, muuzaji anasema fundi hajui kazi. Nani mkweli? (Msomaji, Chumbageni)

Inawezekana wote wawili wanakosea. Pedi ikitoka dukani haijawa breki. Inatakiwa iache utando mwembamba wa nyama yake juu ya diski, umeenea sawasawa, halafu ndipo pedi na utando huo vishikane. Utando ukikaa kwa mabaka, sehemu moja ya diski inashika zaidi ya nyingine, na wewe unausikia mtetemo kwenye usukani. Watu husema diski imepinda, kumbe mara nyingi ni mabaka tu.

Mabaka hayo hutokea hivi: mtu anatoka gereji, anafunga breki kwa nguvu mara kadhaa, anafika kwenye taa na kusimama huku amekanyaga pedali. Pedi iliyopata moto inagandamana na diski mahali pamoja na kuacha alama yake.

Kazi ya kuuweka utando huo sawasawa ndiyo kuzoesha pedi. Kabla ya kuzoesha, ufungaji uwe sahihi. Diski ipimwe kwa kalipa ya kupimia. Unene wa chini umechapwa kwenye diski yenyewe, MIN TH na namba ya milimita. Ikiwa chini ya hapo haitengenezwi, inabadilishwa. Kama ina unene wa kutosha, isuguliwe kwa msasa ili utando wa pedi za zamani utoke, ioshwe kwa dawa ya kusafishia breki, au maji na sabuni, na ikaushwe. Diski mpya nayo ina mafuta ya kuzuia kutu, ioshwe vilevile. Kuosha pedi kwa petroli tunakukataza: inaingia ndani ya nyama ya pedi, inaacha mafuta, na breki zinateleza. Vumbi la zamani lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kwa kompresa, kwa kuwa pedi za bei ya chini huweza kuwa na asbesto na fundi ndiye anayeivuta kifuani.

Kisha pini za kalipa ya breki, ile inayobana pedi kwenye diski. Zichomolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mpira wake, pini inakwama, na pedi ya ndani inaisha huku ya nje ikiwa nzima. Sehemu ambazo pedi hukaa kwenye fremu ya kalipa zikwanguliwe kutu kwa brashi ya waya mpaka pedi iteleze kwa nguvu ya vidole. Hapa pwani, kelele nyingi tunazoletewa zinatoka hapo. Wakati pistoni inarudishwa ndani, angalia chupa ya oili ya breki isifurike, kwani ikimwagika inakula rangi ya bodi. Kalipa isining'inizwe kwa hozi yake, ifungwe kwa waya. Nati za tairi zikazwe kwa msalaba, si kwa kuzunguka. Toyota ndogo nyingi zinataka newtoni-mita 103, na ukazaji usio sawa unatosha kuikalisha diski upande. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Asiyefanya hivyo anakanyaga mara ya kwanza na pedali inakwenda mpaka chini.

Sasa kuzoesha. Toka mapema barabara ya Horohoro, ukishaipita Amboni na nyumba zikipungua, pasipo na gari nyuma yako. Fika kilomita 60 kwa saa, kanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka mwendo ufikie kama kilomita 10 kwa saa, achia, ongeza mwendo tena. Fanya mara 8 hadi 10, ukiacha nusu dakika hivi kati ya moja na nyingine. Usisimame kabisa. Harufu ya kuungua kidogo ni ya kawaida, moshi si wa kawaida; ukiuona, acha kufunga breki na uendelee polepole. Ukimaliza, tembea dakika 10 bila kugusa breki isipokuwa pana haja, ili upepo upoze diski. Ukiegesha, usivute hendibreki kabla hazijapoa, na siku hiyo usipite kwa waosha magari. Kwa kilomita 300 za mwanzo funga breki kwa upole.

Kwa gari lako, rudi kwa fundi huyohuyo. Diski zipimwe, pedi na diski zipigwe msasa, pini ziangaliwe, kisha uzoeshe upya. Mtetemo ukibaki, diski ichongwe kwenye mashine kama unene unaruhusu. Ikiwa baada ya yote hayo bado zinalia, hapo muulize muuzaji.

Pedi za kulia zimeisha, za kushoto bado nene. Nibadilishe upande mmoja? (Msomaji, Pongwe)

Hapana. Badilisha zote nne za ekseli moja, la sivyo gari litavuta upande ukifunga breki ghafla. Na utafute kwanza kwa nini zimetofautiana: ni pini iliyokwama au pistoni isiyorudi.

Nashuka Lushoto na Noah yenye abiria. Nikikaribia Mombo pedali inakuwa laini na breki hazishiki, nikipumzika zinarudi. Nimebadilisha pedi mara mbili, tatizo lipo palepale. (Msomaji, Tanga mjini)

Mzee wetu, usishuke tena na gari hilo mpaka umebadilisha oili ya breki. Pedi zikipata moto mno, pedali inabaki ngumu ila gari halisimami. Pedali ikiwa laini, ni oili inayochemka na kutengeneza mvuke, na mvuke unabonyea. Oili ya breki inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Tanga ina unyevu mwingi. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishakunywa maji kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Badilisha yote, si kuongeza tu, weka DOT 4, mtoe hewa iliyonaswa ndani ya mabomba ya breki ya magurudumu yote manne, na urudie kila miaka miwili.

Halafu tazama joto lenyewe. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka kama mita 900. Gari la tani 2 likishushwa kwa breki peke yake, joto linalotoka linatosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji ya bomba. Hakuna pedi iliyotengenezwa kwa hilo. Ingiza gia nzito kabla ya kona za Soni, 2 au L kwa gari la otomatiki, injini ishikilie gari. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo kisha iachiwe, usiiegemee njia nzima. Kwa safari zako nusu chuma yenye FF inafaa, kelele yake uivumilie.

Naishi Raskazone karibu na bahari. Asubuhi diski zina kutu na breki zinakwaruza. Ni hatari? (Msomaji, Raskazone)

Kutu ya usiku mmoja hufutika ukifunga breki mara chache. Gari likiegeshwa wiki nzima, kutu inashika pedi. Liendeshe japo kidogo kila baada ya siku mbili tatu. Mkwaruzo usioisha ndani ya kilomita chache ni jambo jingine: fungua tairi, pima nyama ya pedi, na ikiwa milimita 3 au pungufu, nunua mpya.