Usiruke ukuta kabla hujapata namba ya malalamiko (kwa dada wa Riyadh)

Wewe dada, hiyo habari ya Ijumaa usiku ifute kichwani saa hii. Umesema madam hajakulipa miezi mitatu, kwa hiyo familia ikienda kwa bibi yao utoke, ukae kwa rafiki yako kwenye nyumba ya kemboi (waliotoroka), ufanye vibarua miezi sita, halafu ndo ujiandikishe kurudi nyumbani kwa hiari upewe tiketi na mtaji. Nimesoma tumbo likanizunguka. Huo mpango niliufanya mimi 2019, hata siku ilikuwa Ijumaa.

Alonidanganya ni mama mmoja wa kwetu Mombasa, sote tulikuwa twamwita shangazi, kila usiku anatuma sauti WhatsApp ati mwanangu wateseka bure, huku kwa siku riyali mia na hamsini taslimu. Hakunambia kitanda ni mia nne kwa mwezi, na kila kazi lazima akate chake, na polisi wakija yeye hayupo. Hayupo hata siku moja! Sijui alikuwa anaoteshwa. Shangazi, kama wasoma hapa, lile blanketi langu lirudishe.

Wasiojua, kemboi ni shagala (mfanyakazi wa nyumbani) aliyetoroka kwa kafili (mwajiri) wake, jina tumelitoa kwa yule mkimbiaji wetu Ezekiel Kemboi. Ila Kemboi mwenyewe aliruka maji akapata dhahabu Athens 2004 na London 2012, mimi niliruka ukuta nikapata kifundo cha mguu kimevimba kama mhogo.

Sasa elewa kilichonimaliza, manake si ukuta. Nilikuwa namdai yule bwana kafili wangu mshahara wa miezi mitano, riyali 900 kila mwezi, jumla 4,500, kwa hela za kwetu wakati ule zaidi ya laki. Nilipotoka bila kumwambia mtu akaingia kwenye mtandao wao akaniripoti nimetoroka, hiyo ndo hurub, na wakati ule ikikupata hiyo, ikama yako (kibali cha kuishi) imekufa. Nililala namdai, nikaamka natafutwa. Laki yangu ningeidai wapi tena, niende polisi nijipeleke? Nikafanya vibarua miezi minane, nyumba moja nimefua na kupika mwezi mzima Ramadhani, kufika Idi mama mwenye nyumba akanambia nenda kashtaki. Alijua siwezi. Mwisho nikashikwa dukani nikinunua maziwa, nikakaa Tarhili, kizuizi cha wanaofukuzwa nchini, wiki saba, wanawake tumejazana na watoto wachanga, nikapigwa alama za vidole nikapandishwa ndege. Jomo Kenyatta nilishuka na kandambili zisizo zangu.

Kufika nyumbani nikasikia kuna msaada kwa wanaorudi, nikafunga safari hadi ofisi moja, kijana akaniuliza, "Ulijiandikisha ukiwa kule?" Hapana. "Basi mama wewe hukurudi kwa hiari, ulirudishwa." Nilimtukana kimoyomoyo mpaka kituo cha matatu, lakini hakukosea. Ule mpango wa IOM (shirika la wahamiaji la Umoja wa Mataifa) wa kurudi kwa hiari waomba ukiwa huko huko, waulizwa, wakubali mwenyewe, ndo wasafiri. Na huo mtaji msiufikirie bunda la noti, mara nyingi ni vitu, cherehani, friji, mafunzo. Mimi sikupata hata sindano.

Kwa hiyo mwanangu shika hili moja tu: USITOKE KABLA MALALAMIKO YAKO HAYAJAANDIKWA UKAPEWA NAMBA. Wewe una silaha ambayo mimi sikujua kama ninayo. Miezi mitatu bila mshahara, tangu 2017 sheria yao yasema shagala aweza kuhamia kwa mwajiri mwengine bila ruhusa ya kafili. Wale wa TikTok wanaokuimbia ati kafala (ule mfumo wa kufungwa kwa kafili) iliisha 2021 waambie wasome vizuri, yale mageuzi wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Piga picha mkataba wako wa Musaned (mtandao wa serikali yao wa kuajiri mashagala), ikama, na zile jumbe za madam za "mwezi ujao inshallah", vyote mtumie mtu wa nyumbani. Piga ubalozini, waambie umeshitaki wizara ya kazi na namba ni hii. Karatasi ya Kiarabu usiyoielewa usitie kidole, hata wakikuambia ni ya tiketi. Kama wapigwa au yule baba akushikashika, hapo usingoje namba wala nini, toka, lakini toka uende ubalozini moja kwa moja. Si kwa shangazi.

Ati na wakala wako asema "vumilia"? Wangu pia alisema hivyo hivyo, halafu akabadilisha laini.

Uliuliza na habari ya biashara ukirudi, saluni au kuku... hebu kwanza toka salama, kuku hawaendi popote. Leo ni Jumanne. Wizara ipigie kesho madam na watu wake wakilala mchana, ukipata namba usiiandike hapa, sema tu "nimepata" nilale mie.