"Aneurizimu ya moyo" ilikuwa ugonjwa gani?

SWALI: Natafsiri kumbukumbu za daktari mmoja wa Ufaransa za mwaka 1812. Mgonjwa mmoja ameandikwa kuwa alikufa kwa "aneurizimu tendaji ya moyo", mwingine kwa "aneurizimu tulivu". Je, niandike "uvimbe wa mshipa wa moyo"? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana. Hapo hakuna mshipa uliovimba. Kilichopanuka ni moyo wenyewe. Neno hili linatokana na Kigiriki, aneurysma, yaani mtanuko, na enzi hizo lilitumika hata kwa moyo. Jean-Nicolas Corvisart, daktari wa Napoleon, aliugawa mtanuko huo katika kitabu chake cha 1806: "tendaji" ni moyo uliopanuka huku kuta zake zikinenepa na mapigo yakiwa na nguvu, "tulivu" ni uliopanuka huku kuta zikiwa nyembamba na dhaifu. Kwa hiyo soma taarifa ya upasuaji wa maiti. Ikitaja unene wa kuta na ukubwa wa vyumba, ni moyo. Ikitaja mfuko kando ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni), wenye damu iliyoganda tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu, hiyo ndiyo aneurizimu tunayoijua leo.

Ukikutana na "aneurizimu bandia", usidhani daktari alikosea. Katika aneurizimu ya kweli, kuta za ateri zenyewe ndizo zinazotanuka. Katika ile ya bandia ukuta umetobolewa, na damu iliyovuja inazuiliwa na nyama za jirani. Mara nyingi utaiona kwenye kiwiko: aliyemtoa mgonjwa damu kama tiba alilenga vena (mshipa unaorudisha damu moyoni), kisu kikapita hadi ateri iliyo chini yake. Kisu kikitoboa vyote viwili, damu ya ateri huweza kuingia moja kwa moja katika vena. Hali hiyo daktari William Hunter aliieleza London mwaka 1757.

Kuhusu "aneurizimu pasuzi", jina lililotolewa na daktari Mfaransa Laennec mwaka 1819, damu hupenya kati ya tabaka za ukuta wa aota (ateri kuu itokayo moyoni) na kuzitenganisha. Leo madaktari wengi huiita mpasuko wa aota, maana mshipa unaweza kuchanika hivyo bila kutanuka kwanza.

Neno "mshipa" nalo lichunge sana. Kwetu ni ateri, ni vena, ni kano, na mtu akisema "ana mshipa" wengi wataelewa ngiri au busha. "Uvimbe" nao utampeleka msomaji kwenye saratani. Andika "mtanuko wa ateri" panapohusu ateri. Kwa wagonjwa wako wawili, andika "moyo uliotanuka, kuta nene" na "moyo uliotanuka, kuta nyembamba", kisha uweke jina la ugonjwa alilotumia daktari wako katika alama za kunukuu mara ya kwanza tu.