Revolva za kubadili mtutu: anza na pengo

Jamaa zangu walioko Texas na Minnesota wakinipigia kuuliza namna ya kuanza kukusanya revolva za Dan Wesson, zile bastola za silinda inayozunguka ambazo mwenyewe unaweza kuzibadilisha mtutu, wanataka niwatajie mtutu wa kununua. Mimi huwauliza kwanza: fila unayo? Ile fila geji, vile vibati vyembamba ambavyo fundi pikipiki kule kwetu Lindi anapimia pengo la valvu. Kama huna, usinunue mtutu wa pili.

Sababu iko kwenye muundo. Revolva ya kawaida hukazwa mtutu kiwandani, na kuutoa ni kazi ya fundi wa silaha. Daniel B. Wesson II, kitukuu cha yule Wesson wa kampuni ya bastola ya Smith & Wesson, alianzisha kampuni yake mwaka 1968 huko Monson, Massachusetts, akatumia ubunifu wa Karl Lewis. Mtutu ni bomba jembamba lenye nyuzi ncha zote mbili. Unaufunga kwenye fremu, yaani kiunzi cha bastola, kwa mkono, unauvika gamba la chuma, kisha unakaza nati mdomoni kwa spana yake. Nati ikikaza, mtutu unavutwa huku na huku kama kamba ya ngoma. Walenga shabaha wa miaka ya 1980, wale wa kuangusha wanyama wa chuma kutoka mbali, walizipenda sana bastola hizi, na mimi naamini mvuto ule ni sehemu kubwa ya sababu.

Lakini sasa wewe ndiye unayeweka pengo kati ya silinda na mtutu. Kwa bastola ya risasi za .357 Magnum ni inchi 0.006, kama milimita 0.15 hivi. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mtutu wa inchi 8 kwenye maonyesho ya silaha, nikaufunga usiku uleule kwa kukisia kwa jicho. Kesho yake kiwanjani risasi kumi na mbili za kwanza zilikwenda vizuri mno. Katika duru ya tatu silinda ikaanza kuwa nzito, halafu ikagoma kabisa: chuma kimepata joto kikatanuka, masizi nayo yamejaa pale mbele. Bastola yenye risasi ndani, haizunguki, na mimi nimeishika nikiielekeza kwenye kifusi cha udongo, nikisubiri ipoe. Sitaki mtu mwingine apitie dakika zile.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua silinda, tazama matundu yote sita, risasi zipeleke chumba kingine. Ingiza mtutu, funga silinda, weka fila kati yake na mtutu, zungusha mtutu mpaka uiguse kidogo tu, fila iteleze bila kubanwa. Vika gamba, hakikisha kile kipini kidogo cha fremu kimeingia kwenye tundu lake, kaza nati. Kisha pima tena, kwa sababu kukaza kunausogeza mtutu kidogo. Na pima kwa matundu yote sita, si moja. Silinda nyingi zina upande mmoja uliochomoza kuliko mingine, na pengo liwekwe kwa upande huo.

Kuhusu kununua, nina machache. Tazama ndani ya mtutu kwa tochi kabla ya kusifia gamba linalong'aa. Kagua nyuzi za mdomoni. Muulize muuzaji kama nati inakaa nje au imezama ndani ya gamba, maana zile za mwanzo nati yao iko nje na magamba yake hayaingiliani na ya baadaye. Fremu ya .357 itabaki ya .357, kinachobadilika ni urefu na gamba, si aina ya risasi. Ningekushauri uanze na inchi 6, kisha 4, na 8 iwe ya mwisho. Mkoba kamili wa kiwanda, ule wa Pistol Pac wenye mitutu yote na vifaa vyake, ni mzuri kuutazama, lakini bei yake inakununulia fremu safi, mitutu miwili na risasi za kujifunzia miezi kadhaa.

Sheria ya shirikisho hapa Marekani inaihesabu fremu kuwa ndiyo silaha, hivyo ukiinunua kutoka jimbo jingine hupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Mtutu ni kipuri tu, ila majimbo yana sheria zake, angalia la kwako kwanza. Nyumbani Tanzania mambo ni mengine kabisa. Haya nayasema kwa walioko huku.

Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote: mpini. Fremu ya Dan Wesson haina mifupa ya kuushikilia mpini mbele na nyuma. Ina kishina kimoja kifupi kinachoshuka, na mpini ni kipande kimoja cha mti kinachochomekwa juu yake na kufungwa kwa skrubu moja kutoka chini. Maana yake unaweza kuchonga umbo lolote ambalo kiganja chako kinataka.

Mimi nimechonga wa mpingo. Mjomba wangu alikuwa mchonga vinyago, nimekua nikiunusa mti ule, na huku unauzwa vipande vidogo kwa watengeneza klarineti. Toboa tundu la skrubu kwanza, wakati gogo bado ni mraba, la sivyo litakwenda upande. Chimba nafasi ya kishina taratibu kwa patasi kali. Paka masizi ya mshumaa kwenye chuma, chomeka, chomoa, kwangua palipobaki weusi unaong'aa. Kwenye mpingo weusi huo hauonekani vizuri, kwa hiyo mimi hutumia chaki nyeupe. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha kifua. Msasa wa mwisho ulowekwe mafuta.

Mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama. Nilipoufunga na kurudisha ule mtutu wa inchi 8, ambao zamani ulikuwa unanivuta kifundo cha mkono chini, bastola ilitulia kiganjani. Pengo lilisoma 0.006 kwenye matundu manne, na 0.007 kwenye mawili.