Kwa nini panya wamerudi kisiwani baada ya kuwekewa sumu

Umeeleza kwamba mliweka visanduku vya chambo kila mita 100, lakini mayai ya ndege wa baharini bado yanaliwa. Nafasi hiyo ni kubwa mno. Panya jike huzunguka eneo dogo, anaweza asikutane na kisanduku hata kimoja, na akibaki mmoja mwenye mimba kazi yote imepotea. Wekeni kila mita 50 kwa panya wa kahawia, mita 25 kwa panya weusi. Anzeni wakati chakula cha porini ni haba na ndege hawajaanza kutaga. Jazeni chambo mpaka kisiguswe tena, kisha endeleeni wiki kadhaa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema. Kaa hula chambo bila kudhurika wakamaliza fungu la panya, kwa hiyo inueni visanduku juu ya vigingi. Mizoga iokotwe, maana brodifakumu, sumu ya panya inayotiwa kwenye chambo, huua pia ndege walao nyama. Baadaye tegeni vipande vya nta vyenye siagi ya karanga, mkague alama za meno kwa miaka miwili. Kisiwa cha Campbell, New Zealand, kilitiwa chambo 2001, kikatangazwa hakina panya 2003. Na kagueni kila mashua kabla haijatia nanga.